Mtu Aliyegeuka Bluu

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Leo sungura na fisi wapumzike. Nina kisa cha mtu wa kweli.

Huko Marekani alikuwapo bwana mmoja, Paul Karason, mzungu mwenye rangi ya kizungu kama jirani zake. Bwana huyu alizoea kujitengenezea dawa nyumbani: maji yenye chembe laini mno za madini ya fedha, fedha ile ile ya pete na mikufu. Akawa anaipaka usoni, na kuinywa, miaka nenda miaka rudi. Taratibu ngozi ikaanza kubadilika, mwisho ikawa bluu. Chembe za fedha zilikuwa zimejikusanya ndani ya ngozi, wala rangi yake ya zamani hakuiona tena mpaka alipofariki mwaka 2013.

Najua mtauliza: "Babu, mbona bibi ana bangili ya fedha tangu harusi yake, na mkono wake hauna neno?" Mmeuliza vema. Tazameni mambo matatu: ukubwa, kiasi na njia.

Tuanze na ukubwa. Gawanya mita moja mara bilioni moja, unapata nanomita. Unywele mmoja una unene wa nanomita kama 80,000. Chembe ninazozisema hazizidi 100. Sasa chukua kipande cha fedha chenye sentimita 1 kila upande. Nyuso zake sita, ukizijumlisha, ni sentimita 6 tu za mraba. Kikate vipande vya nanomita moja moja, ujumlishe tena: mita 6,000 za mraba, karibu uwanja mzima wa mpira! Fedha haikuongezeka, ila sehemu inayogusana na jasho na seli imekuwa kubwa ajabu. Hapo huachia ayoni nyingi, yaani atomi za fedha zenye chaji ya umeme, na ayoni hizo huua bakteria. Ndiyo maana bandeji nyingine za majeraha ya moto hutiwa fedha. Lakini ayoni hazijui adui na rafiki. Zikizidi, hudhuru hata seli za mgonjwa.

Kiasi gani basi ndicho kimezidi? Watafiti huziuliza seli zenyewe. Mwaka 1988, mjini Heidelberg, Ujerumani, wanasayansi walitangaza seli za ngozi ya binadamu zinazoendelea kuzaana maabara. Zinaitwa HaCaT, na hutumika mpaka leo. Mtafiti huzigawa katika sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Safu hii huitia chembe kidogo, inayofuata zaidi, na moja haiitii kitu, iwe ya kulinganishia. Kesho yake hudondosha rangi ya manjano katika kila kishimo. Seli hai huigeuza zambarau. Iliyokufa haigeuzi kitu. Kwa hiyo zambarau ikikoza, seli ni nzima. Ikipauka, kuna msiba. Fedha ikizidi, zambarau hupauka. Chembe za dhahabu kwa kawaida huwa pole zaidi.

Lakini msiogope bure. Seli za kwenye sahani hazina kinga, bali ngozi yako ina ukuta: juu kabisa kuna tabaka la seli zilizokufa, jembamba kuliko karatasi lakini limeshikamana. Australia, watu walijitolea kupakwa losheni ya jua yenye zinki iliyowekewa alama, siku 5 mfululizo ufukweni. Damu ilipopimwa, zinki ile ilionekana, ila kidogo sana ukilinganisha na zinki ambayo mwili unayo siku zote.

Hapo ndipo njia inapokuja. Bangili ya bibi iko nje ya ukuta. Dawa ya Karason ilipita mdomoni, ikauzunguka ukuta. Kidonda nacho ni ukuta uliobomoka, na kinachopulizwa hewani huenda moja kwa moja mapafuni. Kwa hiyo mkiona bidhaa imeandikwa "nano", neno ambalo sheria ya Ulaya inalidai kwenye vipodozi tangu 2013, ulizeni: ni madini gani, kiasi gani, na yataingilia wapi?

Ila asitokee mtu akamwambia rafiki yake mwenye ualbino atupe losheni yake kwa sababu ya kisa hiki. Losheni yenye zinki ikipakwa kwenye ngozi nzima, karibu yote hubaki juu ya ukuta. Mionzi ya jua huupenya, na saratani inayoletwa nayo tumekwisha kuiona kwa macho yetu.