Mstari wa mwono ni uhai kwa dereva

KATIKA barabara kuu za Kenya, mstari wa manjano usiokatika huchorwa katikati ya lami penye kona kali na vilele vya milima. Kila dereva hufunzwa kwamba mstari huo unamkataza kulipita gari lililo mbele yake. Sababu ya kuchorwa mahali hapo imo katika mstari mwingine usioonekana, yaani mstari wa mwono.

Huu ni mstari ulionyooka kutoka kwenye jicho la mtazamaji hadi kwenye kitu kinachotazamwa. Kwa kuwa mwanga haupindi kona, mstari huo ukikatwa na kilima, kichaka au lori, kilicho upande wa pili hakionekani hata kikiwa karibu. Wapimaji ardhi huutegemea katika kazi yao, nao mafundi wa mawasiliano husimamisha milingoti vileleni ili antena "zionane". Barabarani, kukatika kwake huweza kugharimu maisha.

Hesabu yake ni rahisi. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita takriban mita 250 katika sekunde 9. Ikiwa dereva atahitaji muda huo kulipita lori, basi linalomjia kwa kilomita 80 kwa saa litakuwa limesogea mita 200. Kwa hiyo, anahitaji kuona angalau mita 450 zilizo wazi, bila hata ya akiba. Anayeona mita 200 pekee anabahatisha uhai wake na wa abiria.

Aghalabu kizuizi hicho huwa ni lori lenyewe. Anayelifuata kwa karibu mno huona mlango wake wa nyuma tu, ilhali akirudi nyuma kidogo mwono wake hupanuka. Aidha, ikiwa haoni vioo vya pembeni vya lori hilo, dereva wa lori naye hawezi kumwona kupitia vioo hivyo.

Usiku, mwono huishia pale taa zinapofika, na penye ukungu hupungua zaidi. Kanuni ni moja: mwendo usizidi ule unaomwezesha dereva kusimama ndani ya umbali anaouona. Mstari wa mwono unapokatika, dereva hana budi kupunguza mwendo na kubaki upande wake.