Haibiskasi: ua la Afrika Mashariki lenye jina la Kijapani

Katika bustani nyingi za ukanda huu, haibiskasi hupandwa kuwa ua wa nyumba. Wengi huiona kama ua moja tu, ilhali jamii yake ni pana. Choya, inayopikwa kuwa kinywaji chekundu, ni haibiskasi. Bamia, pamba na hata mbuyu ni ndugu zake kwa ukoo.

Aina inayopatikana zaidi bustanini imedhaniwa kwa muda mrefu kuwa na asili ya Asia. Mwaka 1753 mtaalamu wa mimea kutoka Sweden, Carl Linnaeus, aliipa jina la kisayansi lenye maana ya waridi la China. Hata hivyo, ipo nyingine ambayo kwao ni Kenya, Tanzania na Msumbiji: Hibiscus schizopetalus. Ua lake huning'inia kwenye kikonyo chembamba kama taa, na petali zake nyekundu zimechanika na kujikunja kuelekea juu. Kwa umbo hilo, wauza maua wa nchi za nje huliita taa ya Kijapani, ingawa halikutoka Japani.

Aina hizi mbili zimezalishwa pamoja, na baadhi ya machotara yanayouzwa vitaluni yana damu ya mmea huo wa Kiafrika.

Matunzo yake si magumu. Mmea huhitaji jua la kutosha, udongo usiotuamisha maji na mahali pasipo na jalidi. Ua moja kwa kawaida hudumu siku moja tu, lakini mengine hufuata. Kwa kuwa maua huchipuka kwenye matawi machanga, mmea usiopogolewa hurefuka na kuchanua kidogo. Vichomozo vikianguka kabla ya kufunguka, aghalabu chanzo ni ukame, maji kupita kiasi au wadudu kama vidukari na inzi weupe.

Anayetaka kuupanda hana haja ya kwenda kuung'oa porini. Kipande cha tawi lililokomaa kiasi, kikichomekwa kwenye mchanga wenye unyevu na kuwekwa kivulini, huota mizizi baada ya wiki kadhaa. Jambo hilo lina uzito wake: misitu ya pwani, makazi ya asili ya mmea huu, imebaki vipande vipande kutokana na kilimo, uchomaji wa mkaa na upanuzi wa makazi. Ua linaloitwa la Kijapani lina kwao, na kwao huko kunazidi kupungua.