Kutoka Kombe hadi Ligi: Msimu wa Kwanza wa Ligi Kuu ya Hispania, 1929

Ligi Kuu ya Hispania, ambayo mashabiki wengi huijua kwa jina la La Liga, ilianza tarehe 10 Februari 1929, zaidi ya robo karne baada ya Kombe la Mfalme kuanza kuchezwa mwaka 1903. Kwa muda huo wote ubora wa klabu ulipimwa kwa mashindano ya mikoa, kisha kwa Kombe la Mfalme, ambalo hatua zake za mwisho zilichezwa kwa mtoano, yaani utaratibu ambao timu inayoshindwa huaga mashindano na kurudi kwao. Msimu wa 1929 ulikuja na kipimo tofauti kabisa, ingawa timu zilizoucheza zilikuwa zimechaguliwa, isipokuwa moja tu, kwa kipimo kile cha zamani.

Haja ya ligi ilitokana kwanza na fedha. Maadamu wachezaji walikuwa wa ridhaa, wasiolipwa mshahara, klabu ingeweza kukaa miezi kadhaa bila mechi kubwa na isipate hasara kubwa. Lakini mwaka 1926 soka la kulipwa lilipohalalishwa nchini humo, gharama zikawa za kudumu ilhali mapato ya viingilio yaliendelea kutegemea bahati ya kombe, kwa kuwa timu iliyotolewa mapema ilibaki na wachezaji wa kulipwa bila wapinzani wa kuwavuta watazamaji uwanjani. Ligi, ambamo kila timu hukutana na kila mpinzani mara mbili, nyumbani na ugenini, iliahidi ratiba inayojulikana tangu mwanzo. Pendekezo la kuianzisha lilitolewa mwaka 1927 na José María Acha, kiongozi wa klabu ya Arenas ya Getxo, mji ulio karibu na Bilbao.

Waliokubaliana juu ya wazo hilo hawakukubaliana juu ya wanaostahili kuingia. Upande mmoja ulitaka ligi ya mabingwa wa kombe peke yao, na upande mwingine ukataka mlango ufunguliwe kwa klabu nyingi zaidi. Matokeo yake ni kwamba katika msimu wa 1927–28 kila upande uliendesha mashindano yake, na yote mawili yakavunjika kabla ya kukamilika. Suluhu iliyopatikana baadaye ilikuwa ligi ya timu 10: klabu 6 zilizokwisha kutwaa kombe, ambazo ni Athletic Bilbao, Barcelona, Real Madrid, Real Sociedad, Real Unión na Arenas, klabu 3 zilizowahi kufika fainali bila kulitwaa, yaani Atlético Madrid, Espanyol na Europa, na nafasi ya mwisho ikapatikana kwa mchujo, ambao Racing Santander iliushinda kwa kuitoa Sevilla.

Orodha hiyo ni ramani ya soka la Hispania kama kombe lilivyokuwa limeichora. Timu 4 zilitoka Nchi ya Wabaski, 3 Barcelona na 2 Madrid, huku Andalusia na Valencia zikikosa hata mwakilishi mmoja. Na miongoni mwa hizo kulikuwa na Real Unión ya Irún, mji mdogo ulio mpakani na Ufaransa, ambao kwa wingi wa watu haukuweza kulinganishwa na miji mikubwa.

Tofauti kati ya vipimo viwili ilijitokeza mara moja. Tarehe 3 Februari 1929, wiki moja kabla ya ligi kuanza, Espanyol iliifunga Real Madrid 2–1 katika fainali ya kombe iliyochezwa Valencia, na siku ya ufunguzi wa ligi mchezaji wake Pitus Prat akafunga bao la kwanza katika historia ya mashindano hayo, dhidi ya Real Unión. Hata hivyo bingwa huyo mpya wa kombe alimaliza ligi katika nafasi ya 7 kwa pointi 18, kwa sababu kombe humtuza anayeshinda mechi chache zilizo muhimu, ilhali ligi huzihesabu mechi zote 18 kwa uzito ule ule.

Mbio za ubingwa zinaeleza jambo hilo kwa hesabu. Wakati huo ushindi ulikuwa na pointi 2 na sare pointi 1. Barcelona ilifungwa 2–1 na Real Madrid uwanjani kwake Les Corts katika raundi ya pili, kisha mwezi Mei ikalipiza kwa kushinda 1–0 mjini Madrid. Na msimu ulipomalizika mwezi Juni, kila moja ya timu hizo ilikuwa imeshinda mechi 11. Kilichozitenganisha ni sare: Barcelona ilikuwa nazo 3 na Real Madrid 1, hivyo ubingwa ukaamuliwa kwa pointi 25 dhidi ya 23. Mfungaji bora alikuwa Paco Bienzobas wa Real Sociedad, aliyefunga mabao 14, na Racing Santander, iliyoshika mkia kwa pointi 9, ilinusurika kushuka daraja kwa kuishinda tena Sevilla, safari hii katika mchujo dhidi ya bingwa wa daraja la pili.

Kadiri miaka ilivyopita, kipimo kipya kiliibadilisha ramani ya zamani. Ratiba ndefu ilihitaji kikosi kipana na mishahara ya uhakika, mambo ambayo miji yenye watazamaji wengi iliyamudu kwa urahisi zaidi. Europa ikashuka mwaka 1931, Real Unión mwaka 1932 na Arenas mwaka 1935, na hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyowahi kurudi ligi kuu, ilhali Barcelona, Real Madrid na Athletic Bilbao hazijashuka kamwe. Klabu ya Acha, iliyoleta wazo la ligi ili mapato yawe ya uhakika, ikawa miongoni mwa zile ambazo mapato hayo hayakuzitosha kubaki humo.