Ndege Inayokaa Kando Makusudi

Mwambie abiria kwamba rubani wake anavuka Atlantiki akiwa kando ya njia aliyopangiwa, karibu kilomita nne upande wa kulia, tena makusudi. Huenda akadai nauli yake. Kumbe ndivyo inavyotakiwa.

Zamani marubani walifuata mitambo ya redio iliyofungwa ardhini, na kadiri ndege ilivyoachana na mtambo ndivyo ilivyozidi kupotoka. Ndege mbili zikipewa kimo kimoja kimakosa, upotokaji huo wenyewe uliweza kuzipishanisha. Satelaiti zimeuondoa. Leo ndege hukaa katikati ya njia kwa tofauti ya mita chache, na kinachobaki kuzitenganisha ni kimo: ziendazo mashariki hupewa maelfu ya futi ya witiri, za magharibi ya shufwa.

Septemba 29, 2006, juu ya msitu wa Amazon nchini Brazili, Boeing 737 ya shirika la Gol ilitoka Manaus kuelekea Brasília. Iliyokuja mbele yake ilikuwa Legacy 600, ndege ndogo mpya. Njia moja, futi 37,000 zote mbili. Mpango wa safari uliitaka Legacy iwe imeshuka hadi 36,000 ikishapita Brasília, ila hakuna aliyeiamuru kushuka. Kompyuta ya waongoza ndege ikafanya jambo ambalo kwangu linatisha kuliko yote: ilibadili yenyewe kimo kilichoidhinishwa kwenye skrini kikasomeka 36,000, kwa kuwa mpango ulisema hivyo. Dakika chache baadaye transponda ya Legacy ikaacha kutuma ishara, na bila hiyo vifaa vya kuonya juu ya kugongana havikuwa na cha kuona. Karibu saa nzima ikapita hivyo.

Ncha ya bawa la Legacy ikakata bawa la kushoto la Boeing. Wote 154 waliokuwa ndani ya Boeing walikufa. Legacy, yenye watu saba, ilitua kwenye uwanja wa jeshi. Zingeachana kwa makumi machache tu ya mita, zingepishana.

Kinga ya kukaa kando haihitaji hata mtambo mpya. Rubani huandika 1 au 2 kwenye kompyuta ya ndege, yaani maili za baharini, bila kuomba ruhusa. Daima ni kulia, ili wanaokutana uso kwa uso wazidi kuachana; Mtanzania aliyezoea kushoto barabarani itabidi azoee. Faida nyingine: ndege hukwepa hewa iliyovurugwa na iliyotangulia.

Ruhusa hiyo ni ya baharini na maeneo ya mbali, si karibu na viwanja ambako ndege zimebanana chini ya rada. Na juu ya Kongo marubani wana desturi ya ziada: hutangaza wenyewe walipo, kimo chao na waendako kwenye masafa ya redio ya 126.9, aliye jirani asikie.