Fedha za Hija Katika Soko la Hisa

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Mzee mmoja alitujia baada ya swala ya Ijumaa akiwa na fadhaa. Mwanawe aliyeko London alikabidhiwa akiba ya Hija ya wazazi wake, naye mwaka 2024 akaitia katika hisa za makampuni ya teknolojia ya Marekani, akinunua leo na kuuza kesho. Akaongezea mkopo wa riba kutoka kwa dalali wake.

Kwa miaka mingi wafanyabiashara walikopa yeni ya Japani kwa riba ndogo mno, wakanunulia mali za nchi nyingine, zikiwemo hisa hizo. Tarehe 31 Julai 2024 Benki Kuu ya Japani ikapandisha riba, yeni ikapanda thamani, madeni yakawa mazito, na watu wakakimbilia kuuza. Habari dhaifu za ajira kutoka Marekani zikazidisha hofu. Jumatatu, tarehe 5 Agosti, fahirisi ya Nikkei ya Tokyo ilianguka kwa zaidi ya asilimia 12. Ile ya Nasdaq, New York, kwa zaidi ya asilimia 3. Kesho yake Nikkei ikapanda asilimia 10! Kijana hakuiona kesho hiyo akiwa na hisa: dalali alikwisha kuziuza ili ajilipe.

Hisa ya kampuni yenye biashara halali ni fungu la umiliki, na kuiuza mapema pekee hakuiharamishi, ingawa wapo wanazuoni wanaokaza. Lakini Baraza la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, lilikataza kununua hisa kwa mkopo wa riba wa dalali, na kuuza hisa usiyoimiliki. Biashara hii ya pupa husimama mara nyingi juu ya milango hiyo miwili.

Zaidi ya hayo, ile ilikuwa amana. Aliyeitumia bila idhini huidhamini. Kijana anadaiwa yote, hata kama soko ndilo lililoanguka.

Mzee alituuliza kama yeye na mkewe wamebeba dhambi. La. Akiba ilikuwa haijatimia, na Hija ilikuwa haijawawajibikia. Wallahu a‘lam.