Picha ya Eneokazi Isiyodumu

Mtumiaji wa kompyuta mjini Mokowe, mahali pa kuvukia kwenda kisiwani Lamu, aweza kupamba eneokazi, yaani uso wa kwanza wa kioo, kwa picha ya mashua na kesho yake asiikute. Aghalabu chanzo huwa picha zilizopangwa kupokezana, akaunti inayolandanisha mashine mbili, au amri ya msimamizi wa mtandao. Mawili ya kwanza huzimwa katika mipangilio; la tatu humhitaji msimamizi mwenyewe. Hata hivyo, Windows ikitangaza kuwa imefungua wasifu wa muda, picha ni dalili tu: faili zilizohifadhiwa katika wasifu huo hufutwa mtumiaji atokapo. Tasnifu inakiliwe kwanza kwenye diski ya nje, picha itangoja.