Kipande cha zinki kinacholiwa ili meli isiliwe

Mfanyabiashara wa Kigali au Bujumbura anayesubiri kontena lake huuliza habari za mpakani, mizani na bei ya dizeli. Ni nadra aulize hali ya nguzo za gati lililopokea mzigo huo, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka dukani kwake. Lakini gati likifungwa kwa matengenezo meli hungoja nje, na gharama za kungoja humfuata mteja hadi bara.

Adui wa nguzo hizo ni kutu. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na maji ya namna hiyo hupitisha umeme kirahisi. Kutu nayo ni kazi ya umeme mdogo: sehemu moja ya chuma hupoteza chembe zake majini, na umeme unaotoka hapo hupita ndani ya chuma hadi sehemu nyingine, ambako oksijeni huupokea.

Itazame nguzo ya chuma wakati maji yamekupwa. Utaona haijaliwa sawasawa. Iliyozama matopeni ina nafuu, kwani huko oksijeni ni haba. Inayoumia zaidi ni ile inayorushiwa mawimbi, juu kidogo ya maji kujaa. Hulowa, hukauka, hupata hewa tele, na chumvi hubaki pale pale. Katika bandari kama Mombasa na Dar es Salaam, ambako wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya meta 3, ukanda huo wa kulowa na kukauka ni mrefu. Kuna mahali pengine pa hatari, karibu na kina cha maji kupwa, ambapo bakteria huweza kukitoboa chuma upesi. Hapo mkaguzi anayetembea juu ya gati haoni kitu, anatakiwa mzamiaji.

Dawa mojawapo ni ya zamani. Mwaka 1761 jeshi la wanamaji la Uingereza liliifunika kwa mabati ya shaba sehemu ya chini ya meli yake ya mbao, HMS Alarm, ili wadudu wasiitoboe. Meli ilipokaguliwa baada ya safari, misumari ya chuma iliyoshika shaba ilikuwa imelika vibaya. Michache ilikuwa mizima, na sababu yake ilikuwa karatasi ya kufungia mabati iliyosahaulika katikati ya misumari hiyo na shaba. Karatasi tu! Ilizuia metali mbili kugusana.

Mwaka 1824 Humphry Davy aligeuza balaa hilo kuwa kinga. Alifunga vipande vya zinki au chuma kwenye shaba, navyo vikaliwa badala yake. Shaba ilisalimika, ila kulitokea tatizo jipya: ikiwa haiyeyuki tena, haikuwafukuza mwani na viumbe wa magamba, na meli zikawa nzito kusafiri.

Kwenye chuma, hata hivyo, hesabu ya Davy inafanya kazi hadi leo. Ukienda kwenye chelezo utaviona vipande vya zinki au alumini vimefungwa karibu na usukani na rafadha. Kipande kilicholika nusu kimefanya kazi yake na kinafaa kubadilishwa. Kinachong'aa kama kipya baada ya mwaka mzima majini ndicho cha kutiliwa shaka: pengine hakijagusana vizuri na chuma, au fundi mwenye bidii amekipaka rangi pamoja na meli nzima. Zinki iliyopakwa rangi hailindi kitu.

Kwa wenzetu wa maziwa jambo linabadilika. Maji baridi hupitisha umeme kwa shida, na humo zinki haina nguvu ya kutosha. Hutumika zaidi magnesiamu. Ziwa lenyewe pia lina huruma kuliko bahari. MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe katika Ziwa Tanganyika mwaka 1916, mitambo yake ikiwa imepakwa grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, ikatengenezwa, na kufikia 1927 ilikuwa safarini tena. Baadaye ikawa ikiunganisha Tanzania, Burundi na Zambia. Miaka minane ndani ya maji ya chumvi ingeleta habari tofauti.

Zinki ina mpaka wake: hulinda kilichozama tu. Ule ukanda unaorushiwa mawimbi hubaki kwa rangi nzito au vitambaa maalumu vya kuvingirisha nguzo, na hapo kazi kubwa huwa kabla ya rangi. Chuma kisipokwanguliwa hadi kung'aa na kuoshwa chumvi, kutu huendelea chini ya rangi mpya, na malengelenge hujitokeza mapema. Kwa bahati mbaya kukwangua hakupendezi kwenye picha za uzinduzi, na fedha zikipungua ndiko kunakokatwa kwanza.